Sikio la Chini

Barua ya maabara ilifika siku ya Jumanne, ikiwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulisema kwamba jino lililopelekwa kutoka kilima cha Morukori halikutoa vinasaba vya mtu wa kale. Ukurasa wa pili ulieleza kuwa vinasaba vilivyojaa katika jino hilo ni vya mwanamke aliye hai, na kwamba mwanamke huyo ndiye aliyetoa mate yaliyoandikwa namba arobaini na moja.

Dakta Edgar Okochi, mkuu wa uchimbaji, aliisoma mara mbili. Kisha aliiweka mezani na kuibana kwa jiwe ili feni isiipeperushe.

"Wamechanganya vichupa," alisema. "Huko huko kwao. Mate ya mtu yameingiaje kwenye jino la miaka elfu tatu?"

Msaidizi wake, Felistus Ajambo, alikuwa akisafisha vigae vya vyungu kwa mswaki upande wa pili wa chumba hicho walichokodi mjini Tororo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, mzaliwa wa Masafu kwa Wasamia, watu wanaosifika kwa samaki, amemaliza chuo mwaka uliotangulia, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza. Hakuinua kichwa. Orodha ya majina ya wenyeji waliotoa mate ili walinganishwe na mtu wa kale ilikuwa kwake peke yake, katika sanduku la bati lenye kufuli, kwa kuwa utaratibu wa utafiti ulitaka mkuu asijue namba gani ni ya nani. Hakuhitaji kulifungua sanduku. Arobaini na moja alikuwa Akongo, mama mzee wa Morukori.

Kilima cha Morukori kiko kusini mwa Tororo, upande wa barabara iendayo Busia. Si kirefu. Kwenye ubavu wake wa mashariki mwamba umejitokeza nje kama ukingo wa paa, na chini yake wachungaji hujikinga mvua. Shamba linalouzunguka mwamba huo ni la ukoo wa marehemu mume wa Akongo. Wakubwa waliobaki katika boma ni wawili: Akongo mwenyewe na shemeji yake, Ecodu.

Mwezi wa kwanza timu ya watu sita ilichimba hapo. Udongo wa juu ulitoa vitu vya juzi, vifuniko vya soda na senti kumi ya kikoloni yenye tundu katikati. Chini yake palikuwa na vigae vya vyungu vilivyotiwa alama kwa kamba iliyosokotwa. Chini zaidi vyungu vilibadilika, vikawa na vidoti vingi vilivyochomwa kwa mpangilio, na pamoja navyo palikuwa na mawe madogo yaliyochongwa makali, mifupa ya samaki na ya swala. Hapakuwa na punje moja ya wimbi wala mfupa wa ng'ombe. Walipofika kimo cha kifua cha mtu mzima, walimkuta mtu mwenyewe. Alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, mkono mmoja chini ya shavu. Mkaa uliokuwa karibu na magoti yake ulipimwa, ukaonekana una miaka elfu tatu na mia nane hivi.

Kwa Felistus umri huo ulikuwa na uzito. Shuleni alikuwa amefundishwa ramani yenye mishale: mshale wa Wabantu kutoka magharibi, mshale wa Waniloti kutoka kaskazini, na kati ya mishale karatasi ilikuwa nyeupe, kana kwamba nchi ilikaa wazi ikiwasubiri. Mtu wa Morukori alilala ndani ya weupe ule. Vyungu vingeweza kusema alipika nini, lakini visingeweza kusema alikuwa ndugu wa nani, kwani chungu kinaweza kuchukuliwa na mtu yeyote. Vinasaba vingeweza. Siku hizi wataalamu wengi wameacha kusema kwamba binadamu alichipuka mahali pamoja kisha akasambaa kutoka hapo. Wanaona makundi mengi ya Afrika yakiachana na kukutana tena, mara nyingi, kwa maelfu kwa maelfu ya miaka. Lakini picha hiyo imejengwa kwa mifupa michache, na kati ya Mlima Elgon na Ziwa Victoria mifupa hiyo ni michache mno. Mmoja zaidi ungekuwa jambo kubwa.

Ukoo ulikubali kwa masharti, na aliyeyatoa ni Ecodu.

"Jino chukueni," alisema siku ile. "Mzee hupoteza meno hata akiwa hai. Sikio hapana. Mfu bila sikio tutamwitaje?"

Dakta Okochi alikuwa ameomba mfupa wa ndani ya sikio, kwa sababu ni mgumu kama jiwe na hutunza vinasaba kuliko mfupa mwingine wowote. Alikubali jino. Katika taya lote lilikuwa limebaki gego moja zima. Walilichukua hilo, wakapima mifupa mingine, wakaichora na kuipiga picha, na baada ya siku nane wakairudisha yote mahali pake, kama ilivyolala, wakafukia na kuweka jiwe bapa juu.

Wakati wote huo wachimbaji walivaa glavu na barakoa. Felistus alivaa glavu mbili mbili. Ndiye aliyekabidhiwa jino, na alipokuwa akiteremka nalo kwenda kwenye gari alipitia bomani kuaga. Akongo aliomba kuliona. Felistus akafungua pakiti.

"Inakwenda wapi hii?" Akongo aliuliza. Kiswahili chake alikipata sokoni Busia, alikouza wimbi kwa miaka thelathini.

"Ng'ambo, Tata. Kwa ndege." Tata ni nyanya kwa Kiteso, na Felistus alikuwa amezoea kumwita hivyo.

"Peke yake?"

"Peke yake."

Katika boma lile hakuna aliyefunga safari ndefu bila mkubwa kumbariki kwa kinywa. Akongo aliwabariki hivyo wanawe walipokwenda kutafuta kazi Jinja, akambariki Ilukor, mtoto wa Ecodu, alipokwenda kufanya mtihani. Alichota maji kwenye kibuyu, akayaweka kinywani kidogo, kisha akalinyunyizia jino mara mbili, mara ya kwenda na mara ya kurudi.

Felistus alilitazama jambo hilo likitendeka. Alijua alipaswa kusema nini, tena kabla ya kibuyu kuguswa. Lakini aliuona uso wa yule mama mzee, akaona jambo lenyewe ni zuri, akanyamaza. Alilikausha jino kwa karatasi safi, akafunga pakiti. Katika daftari la kazi aliandika: "Saa tisa na nusu. Jino limefungwa." Hakuandika zaidi.

Sasa Dakta Okochi alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, anaanza kuandika barua ya malalamiko kwa maabara. Kibali cha kuchimba kilikuwa kinakwisha mwisho wa mwezi. Barua ingekwenda, maabara ingekana, mwezi ungekwisha, na mtu wa Morukori angerudi kuwa weupe wa ramani. Hakuna ambaye angejua kwa nini.

Felistus aliweka mswaki chini.

"Daktari, hawakuchanganya."

Alieleza tangu kibuyu hadi daftari. Dakta Okochi alisikiliza akiwa ameweka mikono magotini. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

"Kwa nini hukuandika?" aliuliza.

"Nilidhani si jambo la sayansi. Ilikuwa baraka."

"Ajambo, kila kinachogusa mfupa ni jambo la sayansi. Hata baraka. Hata hewa." Alifuta mistari aliyokwisha kuandika, mmoja mmoja. "Ungeandika, maabara wangesafisha jino kwa njia nyingine, au wasingeligusa kabisa mpaka tujue la kufanya. Sasa wamelisaga nusu, na nusu nyingine imejaa mate yale yale."

"Najua."

"Kuna kitu kimoja tu kilichobaki cha kuwapelekea, na ukoo ulishatunyima. Nenda wewe. Sitakwenda kuomba kwa niaba yako. Na uwaambie yote. Ukiwaambia nusu, tutakuwa tumewaibia hata wakitupa."

Asubuhi yake Felistus alikwenda Morukori na kilo mbili za sukari. Njiani alitunga sentensi. Ilisema kwamba baraka haipotei, na kwamba jino lilikuwa dogo mno kuweza kubeba majibu yote. Ilikuwa sentensi ya upole, na karibu kila neno ndani yake lilikuwa kweli.

Akongo alikuwa ameanika wimbi kwenye turubai uani, anaugeuza kwa kiganja.

"Karibu, Msamia. Umeleta samaki?"

"Leo sina samaki, Tata. Nimeleta sukari na habari."

"Sukari lete. Habari hailiwi, hiyo ikae." Alimsogezea kigoda. "Wameona mwenye jino?"

"Hawajamwona. Wamekuona wewe."

Akongo aliacha kugeuza wimbi. "Mimi? Mimi niko hapa."

"Yale mate uliyotoa kwenye kichupa mwezi wa pili, na yale maji uliyobarikia jino. Wamelipima jino, wakakuta ni wewe."

Mama mzee alifikiri kidogo, kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko.

"Kwa hiyo huko ng'ambo wanajua mimi ndiye nilikufa hiyo miaka elfu tatu."

"Elfu tatu na mia nane, Tata."

"Ndiyo maana magoti inaniuma."

Walicheka wote wawili. Akongo ndiye aliyenyamaza kwanza. Alitazama kiganja chake, akapangusa makapi.

"Nilibariki vibaya?"

Hapo ndipo ile sentensi ya njiani ilipofaa kutumika. Felistus aliitafuta, akaiona, akaiacha.

"Ulibariki vizuri," alisema. "Lakini mate yaliingia kwenye jino, yakafunika kilichokuwamo. Jino limeharibika. Haliwezi kusema kitu tena. Na kosa si lako. Mimi nilijua, nikanyamaza, kisha nikaandika kwenye daftari kana kwamba hakuna kilichotokea."

Akongo alirudi kwenye wimbi. Aliuvuta upande mmoja, akausambaza tena.

"Ungeniambia siku ile."

"Ndiyo."

"Ungesema, Tata, usiteme. Mimi ningekasirika. Halafu ningeacha."

"Ndiyo, Tata."

"Mimi nilipeleka wimbi mpaka upande ya Kenya miaka mingapi, na forodha, na mizani, na maneno ya watu. Kitu gani ningeshindwa kusikia hapo?" Sauti yake haikubadilika. "Wewe ulinichukua kama mtoto. Mtoto ndiye anaachiwa afanye, halafu watu wanasafisha nyuma yake."

Felistus alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa aibu, hata kwa machozi. Kwa hili hakujiandaa, kwa sababu siku ile pale uani alijiona yeye ndiye mwenye heshima kuliko wote.

"Nisamehe, Tata," alisema mwishowe.

"Mh." Akongo aliusukuma wimbi. "Sasa mnataka nini? Hukuja na sukari kunipa habari tu."

"Sikio."

"Hiyo si yangu peke yangu. Itabidi tumwite huyo mzee."

Ecodu alikuja akitokea zizini, gambuti zimemjaa matope. Alikuwa ameifanyia serikali kazi ya kuchanja ng'ombe kwa miaka ishirini na sita, na mambo ya sindano na sampuli aliyajua. Alisikiliza kisa chote akiwa amesimama.

"Sampuli imeharibika," alisema. "Hiyo iko. Mimi nilipeleka damu ya ng'ombe Entebbe, inafika imeoza, wananiambia, Ecodu, rudia. Ng'ombe yupo, narudia. Wewe mtu wako utarudia wapi?"

"Ndiyo maana nimekuja, Papa." Papa ni baba kwa Kiteso.

"Na glavu mlivaa."

"Tulivaa."

"Nyinyi Wasamia," Ecodu alisema, akimtazama Akongo kana kwamba Msamia ni yeye. "Wanavaa glavu mbili, halafu wanafungua pakiti."

"Mwache, alifungua kwa sababu niliomba," alisema Akongo.

"Nilisema sikio hapana."

"Ulisema. Wote tulisikia."

"Basi."

Kuku mmoja alikaribia turubai, Akongo akamtupia kijiwe. Felistus alifungua mkoba, akatoa mchoro wa kaburi. Hakujua kwa nini aliutoa. Labda alitaka wamwone mtu mwenyewe, si sikio tu. Ulikuwa umechorwa kwa penseli, kila mfupa mahali pake. Ecodu aliuchukua, akausogeza mbali na macho.

"Huu mkono uko chini ya shavu."

"Ndivyo tulivyomkuta."

"Amelala ubavu gani?"

"Kushoto."

Akongo naye aliinuka kutazama. Alikaa na mchoro muda mrefu kuliko shemeji yake.

"Mimi pia nalala hivi," alisema. "Sikio moja iko chini, moja iko juu. Ukiniita asubuhi, mimi nakusikia kwa sikio gani?"

"Wewe hunisikii kwa lolote," alisema Ecodu.

"Ya juu. Ya chini inasikia mto na kitanda tu. Na huyu, ya chini ilikuwa kwa udongo miaka yote hiyo, inasikiliza udongo. Ya juu ndiyo inatusikia sisi tukipita."

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nasema mimi. Wewe ulisema mfu bila sikio hatasikia. Hukusema sikio ngapi."

Ecodu aliutazama tena ule mchoro. Aliugeuza, kana kwamba nyuma palikuwa na maandishi. Felistus alijizuia kusema neno, na safari hii kunyamaza kwake kulikuwa kwa sababu nyingine. Jambo lilikuwa lao.

"Hili la chini mkilitoa, la juu linabaki zima?" Ecodu alimwuliza.

"Linabaki zima. Hatutaligusa kabisa. Lakini nisikufiche, Papa: mfupa wa sikio tutaukata kutoka kwenye fuvu, na watatoboa kitundu ili wapate unga. Utarudi, lakini utakuwa na tundu."

"Na jino lilirudi?"

"Kuna nusu iliyobaki. Itarudi nayo."

"Iandikwe. Nani amechukua, nani ameshika, siku ya kurudi. Mimi nilikuwa na daftari ya ng'ombe elfu nne, hakuna hata mmoja alipotea kwenye kuandika." Alimrudishia mchoro. "Chukueni la chini."

Felistus alishukuru. Alikuwa ameanza kuukunja mchoro Akongo aliposema, "Na haliondoki hapa bila kubarikiwa."

"Tata, mate hayawezi kukaribia."

"Nimesikia. Mimi nilisema nitatemea sikio? Sikio litabebwa na nani?"

"Na mimi. Nitalipeleka Entebbe mwenyewe, mpaka kwenye ndege."

"Basi nitakutemea wewe. Mwenye kubeba ndiye anasafiri."

Ecodu alitikisa kichwa kukubali, maana hilo lilikuwa sawa kabisa na desturi. Felistus alielewa maana yake taratibu. Mwezi wa kwanza yeye ndiye aliyelisafisha lile fuvu kwa brashi, siku tatu, akiwa amepiga magoti, mpaka shavu na vidole vikaonekana. Tangu barua ilipofika alikuwa akijiona akishuka tena shimoni, akitoa mfupa kwa mkono wake, akirekebisha kwa mkono ule ule alichokiharibu. Mtu aliyetoka kunyunyiziwa mate hawezi kusogea hatua kumi karibu na kaburi lililo wazi.

"Nitasimama mbali," alisema. "Watashuka wengine."

"Utasimama," alisema Akongo.

Walifukua tarehe ishirini na nne, siku ya mawingu. Dakta Okochi, na Ilukor kwa niaba ya ukoo, walivaa mavazi meupe ya kufunika mwili mzima, wakashuka. Felistus alisimama nyuma ya kamba iliyofungwa kati ya vigingi viwili, na daftari mkononi. Kabla jiwe bapa halijainuliwa, Akongo alikuja na kibuyu chake. Alimbariki mara mbili, mara ya kwenda na mara ya kurudi. Maji yalikuwa baridi. Felistus aliangalia saa, akaandika: "Saa mbili na dakika arobaini. Akongo amembariki mbebaji kwa maji ya kinywani. Yameangukia paji la uso, viganja vyote viwili na kola ya shati. Mbebaji yuko umbali wa mita kumi na mbili kutoka kwenye shimo, upepo unavuma kutoka shimoni kuja kwake. Hatashuka."

Kutoka pale hakuweza kuona ndani. Alisikia Ilukor akiuliza jambo, na Dakta Okochi akijibu kwa sauti ndogo. Alisikia msumeno mdogo, muda mfupi. Saa nne kasorobo mfupa ulikuwa ndani ya kichupa, kichupa ndani ya pakiti, pakiti ndani ya sanduku lililobandikwa gundi pande zote. Hapo tu ndipo lilipovushwa kamba. Dakta Okochi alilisoma daftari, akafika kwenye mstari wa kola ya shati, akausoma tena.

"Vizuri," alisema, akatia saini.

Jibu lilikuja baada ya miezi saba, mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata. Safari hii barua ilikuwa ya kurasa kumi na moja. Felistus alikwenda Morukori siku ile ile, akiwa na vipakiti viwili, kimoja cha nusu ya jino na kingine cha mfupa wenye tundu. Aliwakuta Akongo na Ecodu uani. Akongo alikuwa akichagua mbegu za msimu.

"Ni mwanamke," Felistus alisema alipokaa. "Alikuwa amezeeka."

"Nilijua," alisema Akongo. "Mkono chini ya shavu. Wanaume hawalali hivyo."

"Mimi nalala hivyo," alisema Ecodu.

"Wa kwetu?" Akongo aliuliza.

"Si Mteso. Si Msamia pia, wala Mjapadhola. Watu wake walikuwa hapa kabla ya wote hao. Walivua, waliwinda, walichimba mizizi. Walio karibu naye zaidi leo ni watu wachache wanaoishi kwa kuwinda mbali kusini, Tanzania."

"Kwa hiyo sisi ndio tuliwafukuza."

"Wengine huenda walifukuzwa. Barua haisemi. Inasema kwamba wengine walioana na waliokuja. Tulipima mate ya watu mia moja na kumi na wawili wa Tororo na Busia, na karibu wote wana sehemu ndogo inayotoka kwa watu kama yeye. Si lazima awe yeye mwenyewe aliyekuzaa. Labda dada zake, labda watu wa kilima kingine."

Akongo alitazama mbegu zilizokuwa mbele yake.

"Hii wimbi," alisema polepole, "nyingine ni ya mwaka jana. Nyingine nilipewa na mke wa Ilukor, alitoka nayo kwao. Nyingine nilinunua Busia kwa Mkenya, na yeye sijui alitoa wapi. Nimechanganya, napanda. Mtu akiniuliza wimbi yako imetoka wapi, nitamwonyesha wapi?"

"Ndivyo barua inavyosema, Tata. Kurasa kumi na moja."

"Mimi ninayo hiyo sehemu?"

"Unayo."

"Huyu mzee?"

"Ya Papa siwezi kusema mpaka aniruhusu mwenyewe."

"Sema," alisema Ecodu.

"Unayo. Kidogo kuliko Tata."

Akongo alikaa wima zaidi. Ecodu alikuna kidevu.

"Na wewe, mtu wa samaki?"

"Ninayo. Namba yangu ilikuwa ya saba."

"Samaki mlirithi kwa huyo basi," Ecodu alisema, akainuka kutafuta jembe.

Walipanda pamoja hadi chini ya mwamba. Ilukor aliinua jiwe bapa na kufukua kidogo upande wa kichwa, kiasi cha kuingiza vipakiti viwili, kisha Ecodu akadai daftari. Aliandika mwenyewe siku, saa na vitu vilivyorudishwa, kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandikia magotini. Udongo ukarudishwa, na jiwe likarudi juu yake.

Akongo alikuwa amekuja na kibuyu. Alisimama nacho mahali kamba ilipokuwa imefungwa siku ile, mbali na kaburi, ingawa kamba yenyewe iliondolewa zamani na vigingi vililiwa na mchwa. Alimtazama Felistus.

"Sasa naweza kumbariki?"

Felistus alilitazama jiwe, kisha daftari lililofungwa kwapani mwa Ecodu.

"Sasa unaweza, Tata."

Mama mzee akasogea mpaka kwenye jiwe, akachota maji.